Mlango wa Mbele, Alma Street

Mara ya mwisho mlango wa mbele wa nyumba ya mama yangu kufunguliwa, baba alitolewa akiwa ndani ya jeneza. Baada ya hapo tulisukuma kochi likauziba, mvua ya mji wetu wa Harcroft ikazivimbisha mbao zake, na hakuna aliyeukumbuka tena. Sisi wa Alma Street tunapita nyuma. Unaingia uchochoroni, unafungua geti la ua, unakwepa mapipa ya taka, unatumbukia jikoni bila kugonga, na kabla hujavua koti umeshaulizwa kama unataka chai. Mlango wa mbele una kazi mbili tu, kumtoa bibi harusi na kumtoa maiti. Ukiugonga siku nyingine, wewe ni polisi au unauza madirisha.

Adrian, mchumba wangu, alijua haya yote. Mwaka mzima alikuwa akiingia jikoni kwa mama na matope ya mlimani kwenye viatu, anaiba kiazi kwenye trei ya oveni, anapigwa mwiko mkononi, anacheka. Ndiyo maana ombi lake liliniuma vile.

Aliniambia stesheni, asubuhi ya Alhamisi, tukisubiri treni ya kwenda Manchester. Watu wa Harcroft tuna mahali petu pa kusimama pale stesheni, kila mtu na kigae chake cha sakafuni, na hatusalimiani kwa maneno bali kwa kuinua kikombe cha kahawa. Mimi na Adrian tulikutana hivyo hivyo. Siku aliyokuja kwa mara ya kwanza kupima kile kiwanda kikuukuu cha pamba wanachokigeuza kuwa nyumba, alilala huku, na kesho yake asubuhi akaenda kusimama kwenye kigae changu.

"Hapo ni pangu," nilimwambia.

"Pana jina lako?"

"Watu wote hawa ni mashahidi."

Akawageukia abiria, nao wakaitikia kwa vichwa kwa pamoja kwamba ndiyo, ni pake. Alicheka mpaka macho yakamlegea, na moyo wangu haukurudi mahali pake tangu siku hiyo.

Lakini Alhamisi hii hakuwa anacheka. Alikuwa anazungusha kikombe mikononi.

"Janine, nina ombi dogo."

"Ukianza hivyo huwa si dogo."

"Jumapili mama akija... tunaweza kumpitisha mlango wa mbele?"

Nilidhani nimesikia vibaya. "Ule wenye kochi?"

"Mara ya kwanza tu, mpenzi. Aione nyumba kwanza, mapipa baadaye. Unamjua mama alivyo."

"Simjui. Ndiyo maana anakuja."

Treni ikaingia, na ikabidi tunyamaze kwa sababu ndani ya treni ya asubuhi Harcroft nzima inasikiliza. Nilisimama nikitazama dirishani, vilima vikipita, kondoo wamelowa. Nilihisi mkono wake ukitafuta wangu. Nilimpa vidole viwili.

Mama yake, Bi Philippa Colville, alikuwa tayari kutupatia nyumba. Nasema kutupatia, bure, na mahali penyewe ni kusini mwa Manchester, kwenye vile vijiji vyenye miti mikubwa ambako kila nyumba ina geti lake na mtu haoni hata paa la jirani. Sharti lilikuwa moja, tukaishi huko, karibu naye. Adrian alimwahidi kumpa jibu Jumapili, mezani kwetu. Nilimuuliza mara mbili atajibu nini. Mara zote mbili alinibusu paji la uso, na busu si jibu.

Mama yangu nilipomweleza habari ya mlango, alifunga bomba, akakausha mikono taratibu.

"Ni Adrian aliyesema?"

"Ndiyo."

"Haya. Mgeni akitaka mlango wa mbele, atapewa mlango wa mbele. Sitaki kesho mtu aseme Pauline Kershaw alimpitisha mwanamke wa watu kwenye mapipa."

Aliongea kwa sauti ya kawaida, lakini nilimwona anavyokunja ile taulo, anaikunja na kuikunja mpaka haikunjiki tena. Mama ni mtu wa kujivunia nyumba yake. Ngazi ya jiwe iliyoko mbele ya ule mlango anaisugua kila wiki kwa mikono yake, ingawa hakuna anayeikanyaga.

Jumapili hiyo tuliamka kupigana na mlango. Mama alipaka mafuta kwenye bawaba, mimi nikazunguka nje na kuupiga teke, yeye ndani akauvuta huku akiutukana kwa jina la marehemu baba, aliyekuwa akiahidi kuuranda tangu niko shule. Uliachia kwa kishindo kilichosikika hadi duka la chipsi. Kisha tukagundua kwamba meza ikikunjuliwa, kochi halina pa kukaa. Tukalitoa nje, tukaliweka chini ya dirisha, na kwa kuwa manyunyu yalikuwa yanaanza, mama akalifunika shuka jeupe.

Adrian alifika kwa treni akiwa na maua. Alilitazama kochi, akanitazama mimi.

"Sikutaka mhangaike hivi," alisema.

"Umeshatuhangaisha. Ingia."

Gari la mama yake lilikuja saa saba kasoro. Lilikuwa jeusi, refu, linang'aa, likaja taratibu kwa sababu barabara yetu ni nyembamba na magari yamepaki pande zote mbili. Bi Philippa alishuka akiwa na koti jeusi na lulu shingoni, mrefu, mgongo umenyooka, macho yale yale ya kijivu ya Adrian ila yake hayajazoea kucheka. Mzee Wilf Ogden, jirani yetu wa ukuta mmoja, alikuwa amesimama mlangoni pake. Alipomwona aliivua kofia, akaishika kifuani, akainamisha kichwa.

Bi Philippa akamwinamia naye. "Watu wa hapa wana adabu," alisema akiingia, na mshangao wake haukujificha.

Mama alipika kama watu kumi wanakuja. Nyama ya ng'ombe ya kuoka, viazi, karoti, zile pudini za Yorkshire za unga na mayai zilizoumuka, na jagi la mchuzi. Tulikaa tumebanana, magoti yakigusana chini ya meza. Goti la Adrian lilikuwa likinigusa na kuondoka.

"Nyumba yako ni ya kupendeza, Bi Kershaw," alisema Bi Philippa. "Ndogo, lakini ya kupendeza."

"Inatosha," mama alijibu. "Tukitafutana hatupotezani. Ongeza mchuzi, dada, nyama kavu haishuki."

"Na Janine, Adrian ameniambia una nyumba yako mtaa huu huu. Uliachiwa?"

"Nilinunua."

"Na nani?"

"Na miguu yangu, maana nilitembea kwenda benki." Adrian alikohoa. Nikalainisha sauti. "Peke yangu, Bi Colville. Namba kumi na tisa, milango miwili kutoka hapa. Ni kwa mshahara wa kupiga watu eksirei."

Na hapo nilisikia kifua changu kikipanda, kwa sababu siwezi kuisema habari hiyo kwa unyonge. Wenzangu niliosoma nao waliokwenda London wanapanga vyumba, wanaandika majina yao kwenye maziwa ili yasinywewe. Mimi nina ngazi zangu, bomba langu, na dirisha la chumbani linaloonyesha kilima chote hadi juu. Ukuta wa jikoni niliupaka rangi ya manjano mwenyewe. Siku niliyopewa ufunguo nililala sakafuni bila godoro, na sijawahi kulala vizuri kama usiku ule. Watu wakisema Harcroft ni mahali pa kukaa ukikosa kwingine, huwa nawaacha waseme, kwa maana wakijua ukweli watakuja wote na nyumba zitapanda bei.

Bi Philippa aliweka uma chini.

"Nitasema wazi, maana tunaelekea kuwa ndugu. Sina ubaya na mtu. Ninyi ni watu wa bidii, naona. Lakini mkijaliwa mtoto, mtoto anahitaji bustani. Anahitaji utulivu. Hapa mnasikiana hadi kikohozi."

"Tunasikiana," mama alikubali. "Derek, mume wangu, alipoanguka bafuni, Wilf alisikia kupitia ukuta huo hapo nyuma yako. Alifika kabla sijamaliza kushuka ngazi. Akakaa naye na kumshika mkono mpaka mwisho."

Mtu mwingine angeishia hapo. Lakini Bi Philippa alikuwa amekuja na hotuba yake, na hotuba ikishaandaliwa lazima itolewe.

"Pole sana. Ila samahani, nimeangalia nilipokuwa naingia. Saa saba mchana mapazia yamefungwa mtaa mzima. Bado wamelala? Hayo ndiyo mazingira ya kumlea mjukuu wangu?"

Nilimgeukia Adrian. Nilimtazama waziwazi, nikamsubiri. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake ya kusema jambo lolote, hata kusema kwamba mapazia ya Alma Street huwa wazi alfajiri, na kwamba kwenye treni ya kwanza hakuna kiti. Adrian alikuwa anakata karoti vipande vidogo vidogo.

Basi nikainuka mwenyewe kwenda dirishani, nikimwandalia jibu la kumchoma. Jibu likaniishia mdomoni. Nyumba baada ya nyumba, upande huu na ule, mapazia yalikuwa yamefungwa. Hata ya duka la chipsi. Mzee Wilf bado alikuwa nje na kofia mkononi, na pembeni yake watu kadhaa wamesimama kimya kwenye manyunyu, wakitazama gari jeusi na kile kitu kirefu chini ya shuka jeupe.

"Mama," nilisema. "Mlango."

Mama alishika mdomo. "Mungu wangu. Tumeufungua mlango."

Wakati huo huo mlango wa jikoni ulifunguliwa kwa kishindo.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun!" Alikuwa Anti Shagufta wa uchochoro wa pili, macho mekundu, sufuria kubwa la biriani limemjaa mikononi. "Janine mwanangu! Uko wapi, maskini yatima wangu, njoo kwa anti yako..."

Akafika kwenye kizingiti cha sebule. Akamwona mama amekaa na uma mkononi.

Sufuria liliyumba. Adrian aliruka akalidaka.

"Pauline!" Anti Shagufta alipiga kelele. "Kwani hujafa?"

"Nina mpango huo baadaye, Shagufta. Kaa ule."

"Usinitanie! Wilf kaniambia mlango wa mbele uko wazi, gari la mazishi limekuja, na jeneza liko nje na shuka lake!"

"Ni kochi."

"Kochi?"

"Lile la maua ya waridi."

Anti Shagufta alikaa kitako kwenye kiti changu, akaanza kulia upya, safari hii huku anacheka, anampiga mama mabegani kwa kukasirika kwamba yu hai. "Nimekaanga vitunguu kilo mbili kwa ajili yako, mwanamke! Nimekulilia toka kwenye jiko hadi kwenye geti!"

Bi Philippa alikuwa akitutazama mdomo wazi. "Samahani," alisema. "Sielewi. Nani amefariki?"

Mama alimweleza, kwa ufupi, habari ya mlango na kazi zake mbili, na kwamba ukitoa maiti mtaa mzima hufunga mapazia kwa heshima. Na alipokuwa akieleza, geti la ua likawa halitulii. Mke wa mwenye duka la chipsi aliingia na trei ya pai, akamwona mama, akamkumbatia, akaiacha trei. Wale vijana wawili waliohamia nyumba ya mwisho kutoka London, ambao bado hatujui hata majina yao vizuri, walileta keki iliyoungua upande mmoja. Mzee Wilf hakuthubutu kuingia. Alisimama pale mbele, kwenye jiwe la mama, akampa mkono Bi Philippa aliyekuwa karibu na mlango.

"Pole sana, mama. Kampuni yenu ya mazishi inafanya kazi kwa heshima."

"Mimi ni mama yake Adrian," alisema Bi Philippa.

"Ah," alisema Mzee Wilf, akafikiri. "Basi pole tu."

Sote tulicheka, hata mama. Ni Anti Shagufta aliyefuta machozi na kuuliza lile swali, bila nia mbaya. "Lakini Pauline, huu mlango hata mfalme akija usingeufungua. Nani alikufungulisha?"

Kicheko kikakatika. Bi Philippa alitazama huku na huku. "Si mimi. Mimi sikuomba mlango wowote. Ningepita popote." Kisha akamwona mwanawe alivyowiva masikio. "Adrian?"

Nilitoka uani kabla hajajibu. Alinifuata, kama nilivyojua, na tulisimama pale katikati ya mapipa na kamba ya nguo, mvua ikitunyeshea. Nywele zilimlala usoni. Nilitamani kuzisogeza kwa mkono wangu, na nikajichukia kwa kutamani.

"Nilikuwa nakulinda," alisema.

"Na nani? Mama yako yuko ndani anakula pai."

"Nilijua ataangalia mapipa, ataangalia uchochoro, atapata la kusema. Nilitaka akuone wewe kwanza, si..."

"Si nini? Malizia. Si huku nilikotoka?"

"Janine, usiyageuze maneno yangu."

"Sijageuza kitu. Umekula jikoni humu mwaka mzima. Mama yangu anakuita mwanangu. Wilf amekutunzia mbegu za bizari. Halafu mtu anasema hawa wamelala hadi saa saba, na wewe unakata karoti!"

"Sikujua niseme nini."

"Sema unachokijua! Kwani uliona haya kwa ajili yangu?"

Alifumbua mdomo. Halafu, kwa bahati mbaya yake, alikuwa mtu mkweli.

"Kidogo," alisema. "Leo tu. Kidogo."

Mvua ilikuwa inapiga vifuniko vya mapipa. Nililia, sikuficha, na huku nalia nilivuta pete kidoleni. Iligoma kwenye kifundo kwa sababu ya baridi, nikaivuta kwa nguvu mpaka ikanichubua.

"Chukua. Na ile nyumba chukua, yenye miti. Mimi sitaishi mahali ambapo nitaingizwa kwa mlango wa kuficha kilicho nyuma."

"Janine. Tafadhali."

"Pita mlango wa mbele. Umefunguliwa kwa ajili yako."

Aliishika pete kana kwamba inamuunguza. Akaingia ndani. Nilisikia viatu vyake vikivuka sebule, na kisha sikusikia tena, kwa sababu mlango ule, ukiwa wazi, haukutoa sauti ya mtu kuondoka. Hilo ndilo lililonivunja zaidi. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na nikalia kama mtoto, na mbele ya majirani wote wanaopita na vyakula sikuona aibu hata chembe. Uani kwa mama ndiko nilikojifunza kutembea, na kulia humo si kitu kigeni.

Mtu alikuja kusimama karibu nami. Nilidhani ni Anti Shagufta. Niliona ncha za viatu vya ngozi, vya bei, vimekanyaga maji ya pipa.

"Mume wangu alipofariki," alisema Bi Philippa, akitazama ukuta, "jirani yangu wa kulia alipata habari baada ya miezi. Alikuja kuniuliza kama nitaliuza gari lake."

Nilinyanyua kichwa. Uso wake haukuwa umelegea, wala hakunigusa. Lakini kidevu kilikuwa kinamtetemeka kidogo, na alikiacha kitetemeke.

"Ndilo lile gari jeusi. Sikuliuza." Akashusha pumzi. "Sikijui kitu mlicho nacho hapa. Bado sipendi unyevu ule ukutani kwenu, na nitasema. Lakini mwanangu amefanya upumbavu, na hakuufundishwa na mimi. Au labda nilimfundisha. Sijui."

Nilisogea, nikampa nusu ya ndoo. Aliitazama ile ndoo, akaitazama sketi yake, akakaa.

Kule uchochoroni mbwa wa Mzee Wilf alianza kubweka. Tukasikia geti likifunguliwa, sauti ya Mzee Wilf ikisema, "Si hapa, kijana, umekosea, ni la pili," na geti likifungwa. Mageti ya nyuma yote yanafanana, na siku zote Adrian alikuja na mimi, hakuwahi kuhesabu mwenyewe. Halafu geti letu likasukumwa.

Alikuwa amelowa chapachapa. Alikuwa amezunguka mtaa mzima, chini hadi stesheni na kurudi, matope yamempanda hadi magotini. Alitupita pale kwenye ndoo bila kusema neno, akakwepa mapipa, akaingia jikoni bila kugonga. Tukamfuata. Mama alikuwa kwenye sinki. Adrian alisimama katikati ya jiko, maji yakimchuruzika kwenye vigae vya mama.

"Mama Pauline," alisema. "Nimekukosea. Nilikula chakula chako, nikauonea haya mlango wako wa nyuma. Sitasema haikuwa hivyo. Naomba unisamehe."

Mama alifunga bomba, akamgeukia. "Viatu," alisema.

Akavivua haraka. Nikajua mama amesamehe, maana asiyesamehewa haambiwi avue viatu.

Adrian akamgeukia mama yake. "Mama, asante kwa nyumba. Siitaki. Kuna mtu ana nyumba namba kumi na tisa, ina jiko la manjano. Nitamwomba anipokee humo. Akikataa nitapanga chumba mtaa huu huu, na kila asubuhi nitasimama stesheni karibu na kigae chake mpaka achoke."

"Hutakanyaga kigae changu," nilisema, na sauti ilinitoka nyembamba.

"Pembeni yake. Ninajua mpaka ulipo."

Macho yake yalikuwa mekundu. Hakunikaribia. Nilimpenda kwa kutonikaribia, kwa kuniachia mimi hatua hiyo. "Pete iko mfukoni," alisema. "Lakini kwanza nina kazi."

Akapita sebuleni na soksi zake zilizolowa. Tulimsikia akimwita Mzee Wilf, na wazee wawili wengine wakajitolea ushauri ambao haukuombwa. Kochi likaingia, shuka limeng'ang'ania mguu mmoja. Meza ikakunjwa, biriani likahamishiwa kitandani kwa mama kwa kukosa nafasi. Kisha Adrian akauwekea bega ule mlango wa mbele, akausukuma kidogo kidogo mpaka ukaingia kwenye fremu yake, na akalisukuma kochi hadi likaugusa. Alijipangusa mikono, akasimama pale akihema.

Kutoka nje mtu aligonga kioo cha dirisha. Alikuwa Mzee Wilf, aliyesahaulika upande wa pili.

"Pauline!" aliita. "Watu wamesimama kwenye mvua huku! Kuna msiba au hakuna msiba?"

Mama alifungua kinywa, lakini Bi Philippa alikuwa karibu zaidi. Alipiga goti juu ya kochi la maua ya waridi, na lulu zake na viatu vyake vichafu, akalisukuma dirisha juu, akatoa kichwa nje.

"Hakuna msiba!" alisema, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kupaza sauti barabarani maishani mwake. "Mlango ulifunguliwa mapema, basi. Ni wa harusi!"

Kisha akageuka kunitazama, mwekundu, akiuliza kwa macho kama amesema sawa.

Niliuvuka ule uwanja mdogo wa zulia hadi kwa Adrian. Kidole kilikuwa bado kimechubuka, na alipoivisha pete aliivisha polepole, akikipuliza. Nje nilisikia pete za chuma zikikwaruza kwenye fimbo za mapazia, nyumba ya Mzee Wilf kwanza, halafu ya pili yake, halafu upande wa pili wa barabara, mtaa mzima wa Alma ukifungua mapazia yake.